Begi Zuri, Lakini Huu Mfuko wa Chupa Umenishinda

Haya wadau, karibuni tena. Leo utangulizi sina, nina hasira tu. Begi lenyewe ni hili hapa, la lita 60, la kutembea nalo porini siku nyingi mfululizo. Nembo ya kampuni nimeiziba kwa plasta nyeusi makusudi kabisa. Nikiionyesha, nusu yenu mtaanza kugombana kuhusu kampuni, na mimi nataka tugombane kuhusu mfuko. Mfuko mmoja tu, huu wa pembeni, wa kuwekea chupa ya maji.

Mambo ya kitambaa, idadi ya zipu, rangi zilizopo, yote yako kwenye lebo, kasomeni. Nailoni ni nailoni. Begi la safari ndefu mimi hulipima kwa swali moja: likishajaa na likawa mgongoni, nafikia nini bila kulivua? Maana barabarani huwezi kujua thamani ya hilo swali. Porini, saa ya nne ya kupanda mlima, utaijua.

Tuanze na hali ya dukani. Hapa begi lina makaratasi ndani, hivi hivi linavyokuwa limening'inizwa. Natia chupa ya lita moja, inaingia. Naitoa, inatoka. Safi. Mtu analipa, anaondoka anafurahi.

Sasa tulijaze mzigo wa kweli. Chini kabisa naweka mfuko wa kulalia, kwa sababu ni mwepesi na sitauhitaji hadi usiku. Chakula cha siku tano, kama kilo nne hivi, kinakaa katikati, kimeegemea mgongo kabisa. Kizito kikikaa mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma na utatembea umeinama siku nzima. Hema linafuata upande wa nje, nguo zinajaza mianya, koti la mvua linakaa juu kabisa ambapo mkono unalipata haraka. Vifaa bila chakula wala maji vinafika kilo saba. Ongeza maji lita tatu, ambayo ni kilo tatu, hayana punguzo. Mzani unasema 14. Huo ndio mzigo wa kawaida wa mtu anayeingia sehemu ambayo maji yako mbali, wala sijazidisha ili nilionee begi.

Sogeza kamera. Karibu zaidi. Mnaona? Tumbo la begi limevimba, limeingia kwenye nafasi ya mfuko wa pembeni. Sababu ni ushonaji. Kitambaa cha mfuko kimeshonwa bapa juu ya ubavu wa begi, hakina mkunjo hata mmoja chini wala pembeni, na si cha kuvutika. Kwa hiyo mfuko hauna nafasi yake wenyewe, unaishi kwa kuazima nafasi ya begi. Begi likijaa, limeidai nafasi yake. Sasa naisukuma chupa... inagoma... naizungusha... imeingia, lakini nimetumia mikono miwili na begi liko mezani! Chupa imekabwa humo kama mguu uliovimba ndani ya kiatu.

Na bado. Angalieni huu mkanda wa kubana mzigo, huu unaopita ubavuni. Mabegi mengi mkanda huu unaweza kuupitisha ndani ya mfuko, nyuma ya chupa. Hawa wameupitisha nje, juu ya mdomo wa mfuko, na hakuna tundu la kuuhamishia. Nikiukaza ili mzigo usichezecheze, nimefunga mlango wa chupa. Nikiulegeza ili nipate chupa, mzigo unayumba. Mtu alikaa kwenye meza akachora hivi, mwingine akaona, akasema sawa.

Navaa. Mkanda wa kiunoni, nimefunga. Wa kifuani, nimefunga. Natembea. Sasa nina kiu. Mkono wa kulia unaenda nyuma, kiwiko kinapanda, kinapanda... vidole vinagusa kifuniko, basi. Mfuko una kina kirefu mno na mdomo wake umekatwa mlalo, kwa hiyo kinachojitokeza ni kifuniko na shingo kidogo tu. Nabana kwa vidole viwili, navuta, begi zima linahama upande wangu wa kulia. Nimeitoa! Kwa jasho, lakini nimeitoa. Nakunywa. Haya, irudishe sasa. Siuoni mdomo wa mfuko, napapasa, nimeupata ukingo lakini umelala, umebanwa, chupa inateleza nje... na hiyo imeanguka. Sikuigiza, rudisheni video nyuma mtazame. Na kuinama kuokota kitu ukiwa na kilo 14 mgongoni ni zoezi lake.

Mtu atasema, vua begi, unywe, endelea. Sawa, tuvue. Fungua kifuani. Fungua kiunoni. Legeza mikanda ya mabegani. Toa mkono mmoja, telezesha mzigo hadi kwenye paja, ushushe chini. Kunywa. Kisha inua hadi kwenye paja tena, ingiza mkono, geuka, ingiza wa pili, funga kiunoni, kaza mabega, funga kifuani. Fanya hivyo kila nusu saa kwa saa nane, ni mara 16 kwa siku. Hakuna atakayefanya. Atajiambia nitakunywa pale juu, na akifika juu atasema nitakunywa kwenye kivuli kile, mpaka kichwa kianze kumgonga na maji bado yamejaa ubavuni.

Wapo wenye mrija, najua, mnaandika kila mara kwenye maoni: nunua mfuko wa maji wenye mrija, shida imeisha. Haijaisha, imebadilika. Mfuko wa maji unakaa ndani, nyuma ya mzigo wote, huoni umebakiza kiasi gani mpaka siku unapofyonza hewa. Kuujaza lazima uchomoe nusu ya vitu. Ukivuja, unavuja juu ya mfuko wa kulalia. Na kwenye baridi kali maji yaliyo kwenye mrija ndiyo yanayoganda kwanza. Mimi ni mtu wa chupa.

Na suluhisho la chupa lipo, wala si siri. Kata mdomo wa mfuko kwa mshazari, uinamie mbele, tia kitambaa cha kuvutika, basi. Baadhi ya mabegi ya kampuni ya Osprey mfuko wa pembeni una milango miwili, mmoja juu na mwingine umeinama kuelekea mkononi. Kampuni ya Gossamer Gear kwenye begi lao la Mariposa wameweka mfuko mmoja mrefu upande mmoja na miwili mifupi upande mwingine, mrefu unameza hema, mifupi inachukua chupa. Hayo mabegi yana matatizo yake, na nitayafikia siku nyingine, lakini mtu aliyeyachora aliwahi kuwa na kiu.

Halafu kuna wale wa Bibi Gatewood. Kila nikichambua begi lazima mmoja amtaje, kwamba yeye hakuhitaji begi la kisasa. Ni kweli, Emma Gatewood alitembea njia yote ya Appalachian Trail huko Marekani mwaka 1955, peke yake, akiwa na umri wa miaka 67, kilomita zaidi ya 3,200, na mzigo wake ulikuwa kwenye fuko alilolishona mwenyewe kwa kitambaa cha dengrizi, akilibeba begani. Mvua ikija anajifunika pazia la bafuni. Namvulia kofia. Lakini tazameni hoja mnayoisaidia: fuko la bega moja unalishusha kwa mkono mmoja, unachukua kitu, unalirudisha. Yule bibi kwenye swali langu anashinda hili begi.

Haya, ngoja nilisifu kidogo, nisije nikaambiwa nina chuki. Mkanda wa kiunoni wa hili begi ni mtamu, sijui niseme vipi. Wengi hamvai mkanda huu pale unapotakiwa, mnaufunga tumboni. Wekeni mikono kiunoni, mtagusa mfupa wa nyonga, ule ukingo wake wa juu. Katikati ya sponji inatakiwa ikalie ule ukingo, nusu juu, nusu chini. Hapo uzito mwingi unashuka kwenye nyonga na miguu, mabega yanabaki kazi ya kulishika begi lisianguke nyuma. Hawa wameweka klipu ambayo kamba zake unazivuta kuelekea mbele, zinakuja katikati, unakaza kwa nguvu zote bila kupinda mikono. Na sponji haikunjiki. Nimezunguka nalo na ule mzigo wote, mabega hayakulalamika.

Ila hayo yanategemea urefu wa mgongo wako, si urefu wako wewe. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi. Inamisha kichwa mbele, pale chini ya shingo kuna pingili inayochomoza, hapo ndipo pa kuanzia. Weka mikono kiunoni, vidole gumba vielekee nyuma, chora mstari kati yake. Mwenzako apime kwa futi kamba kutoka pingili hadi ule mstari, akifuata mkunjo wa mgongo. Namba hiyo ndiyo unayoilinganisha na saizi za begi. Lita hazikuambii kitu hapo.

Kifuniko cha mvua walichokitia bure nimekitoa. Kinafunika nje, lakini maji yanashuka mgongoni kwako na kuingia kupitia upande ule ule usiofunikwa, na upepo ukishika unakichukua. Mfuko mnene wa plastiki ndani ya begi, vitu vyote ndani yake, ukunje mdomo. Ni nafuu na haupeperuki.

Bei sasa. Ni ya begi la daraja la juu, na ndiyo inayoniuma. Kwa bei ya chini ningesema tuvumilie. Kwa hii waliyoandika, mkunjo mmoja wa kitambaa kwenye mfuko ungewagharimu nini?

Kwa hiyo ninunue nisinunue? Mwanzoni nilitaka kusema msinunue. Sasa nikiuvaa huu mkanda naanza kulegea. Kama wewe ni mtu wa mrija, chukua, hutauona hata huo mfuko wa pembeni. Kama ni mtu wa chupa, na tayari umeshalinunua, tafuta kishikio cha chupa kinachofungwa kwenye mkanda wa bega, utie chupa ya nusu lita mbele, na ile ya lita moja ibaki pembeni kama akiba ya kujazia mkipumzika. Inasaidia, ingawa utaihisi ikigonga kifua siku ya kwanza. Kama hujanunua na una haraka, angalia mengine.

Na anayejiandaa na safari, tafadhali, begi hili au lolote, usilibebe tupu mazoezini. Anza na nusu ya uzito, ongeza kila wiki, mpaka ufike uzito kamili, na maji yawe maji kweli ndani ya chupa. Halafu njiani jaribu kuitoa na kuirudisha huku unatembea.

Tangazo la chaneli: sauti ya upepo mliyoilalamikia kwenye video iliyopita nimeishughulikia, nimeweka manyoya kwenye maikrofoni. Ile video ya hema zinazosimamishwa kwa fito za kutembelea inakuja, ilichelewa kwa sababu mvua iligoma kunyesha na hema sizijaribu kwenye jua. Kabla ya hapo nina mpango na huu mfuko: fundi cherehani amekubali kuukata mdomo kwa mshazari na kutia lastiki. Dhamana ya begi itakufa, najua, msiniandikie. Andikeni tuanze na mfuko wa upande gani, kulia au kushoto, wenye kura nyingi ndio tutakaouanza.