Begi la nyota nne na nusu lilivyonivunjikia njiani Blood Mountain

Ngoja niandike nikiwa bado na hasira, maana nikipoa nitaanza kuwaonea huruma walioniuzia.

Begi lenyewe ni la mgongoni, la kutembelea milimani, nilinunua mtandaoni. Jina la kampuni silitaji, wenyewe wanajijua, na habari za lita na rangi mtazikuta hukohuko kwao wameziandika vizuri kabisa. Mimi nilichofuata ni nyota. Nne na nusu! Watu kibao wamesifia, mmoja kaandika amelala nalo, mwingine amezama nalo mtoni likatoka kavu, nikasema basi mimi nani nibishe, nikalipa.

Naishi Marietta, Georgia. Kutoka hapa mpaka Woody Gap ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, pale barabara ya 60 inapokatizana na Appalachian Trail. Kwa wasioijua, hiyo ni njia ya miguu inaanzia Springer Mountain hukuhuku Georgia inaenda mpaka Katahdin kule Maine, majimbo 14, kama kilomita 3,500 hivi, na kuna watu wanaimaliza yote kwa miguu, mimi wazimu huo sina. Nilitaka siku tatu tu, peke yangu, kutoka Woody Gap mpaka Unicoi Gap, na siku ya kwanza ilikuwa kuvuka Blood Mountain nishukie Neel Gap, kilomita 17 na ushee. Ilikuwa mwezi uliopita au ule wa nyuma yake, miti haina majani bado na baridi ya asubuhi inauma masikio. Shoga yangu alinishusha akaniuliza mara tatu kama nina uhakika, mara ya tatu nikamfungia mlango wa gari.

Na hapa lazima niseme ukweli, saa ya kwanza lile begi lilikuwa tamu. Yani mzigo wote umekaa kiunoni, mabega hayajui kinachoendelea, umetulia kama mtoto kwenye mbeleko. Nilipofika Preaching Rock, lile jiwe kubwa ukikaa unaona milima inafuatana mpaka inageuka bluu, nilipiga picha ya BEGI, sio yangu, nikamtumia dada Moshi. Hilo ndo linaniuma kuliko yote. Nililisifia mapema.

Kufika Lance Creek nikashusha mzigo nichote maji lita mbili, maana juu kileleni hakuna maji. Nikabeba tena, nikavuta mkanda wa kiunoni nifunge ile klipu kubwa ya mbele, nikasikia tak. Jino moja la klipu limekatika, likaruka likatumbukia kwenye kijito. Na mimi kwa akili zangu nikapiga magoti nikaanza kulitafuta kwenye yale maji ya barafu, mikono imekufa ganzi, natafuta kipande cha plastiki kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Hata ningekipata ningekibandika na nini, mate?

Kwa ambaye hajawahi kubeba begi la namna hii: huo mkanda wa kiunoni ndo begi lenyewe. Usipofunga, kilo zote zinahamia mabegani na begi linakuvuta kwa nyuma kama mtu anakudai. Nilikuwa na kama kilo 14, hema, chakula, slipingi begi, jiko, na hayo maji. Nikatembea hivohivo, kila hatua mia nasimama nainama kupumzisha mabega. Nilipofika Jarrard Gap pana kinjia chenye alama za bluu kinashuka mpaka ziwani, Lake Winfield Scott, huko kuna barabara. Nilisimama pale muda mrefu sana nikikiangalia hicho kinjia. Nikawaza shoga yangu atakavyocheka.

Ndo nikakumbuka kanga. Huwa natembea nayo kila mahali, taulo ndo hiyo, shuka ndo hiyo. Nikaisokota ngata, nikaweka kichwani, nikalinyanyua begi zima nikalitua juu. Jamani. Mimi nimekulia mlimani Kilimanjaro, nina miaka saba nabeba majani ya ng'ombe kichwani, ngata ya majani makavu ya mgomba, bonde na kilima. Miaka 20 na zaidi sijafanya hivyo lakini shingo haijasahau! Zile alama nyeupe za rangi kwenye miti, za kuonyesha njia, ambazo muda wote nilikuwa nazipita nimeinamisha kichwa, nikaanza kuziona moja baada ya nyingine. Kijana mmoja aliyekuwa anatokea mbele, ana fimbo mbili na viatu vya bei mbaya, akasimama kando kunipisha, akauliza kwa heshima zote eti hiyo ni mbinu mpya ya kupunguza uzito wa begi. Nikamjibu ndiyo.

Ila kichwani haikudumu. Ukianza kupanda Blood Mountain yenyewe kuna vichaka vya rododendro vinakutana juu ya njia, begi likawa linagonga matawi, mara mbili nusura linidondoke. Na upande wa kushukia Neel Gap ni mabamba ya mawe tupu, unahitaji mikono. Nikakaa kwenye kile kibanda cha mawe kileleni, cha miaka ya 1930, kiza na harufu ya unyevu, nikaifungua ngata, nikaipitisha kanga kwenye mkanda wa begi kushoto na kulia nikafunga fundo tumboni kama naenda msibani. Ndo macho yakaangukia jina la kanga: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka mtu akachungulia.

Fundo la kanga lilinishusha mawe yote yale. Klipu yao ya kisasa ilidumu saa mbili.

Neel Gap njia inapita chini ya paa la jengo la mawe, na hapo kuna duka la vifaa. Nilimwonyesha kaka wa pale, akaangalia klipu, akaangalia kanga, akatoa klipu nyingine kwenye droo akaibadilisha dakika tano, na bei yake haifiki hata ya sahani ya chipsi kuku. Akasema begi lenyewe ni zuri, mishono iko imara, tatizo hiki kidude tu. Nikalegea. Nikasema nitawapa nyota tatu.

Halafu nikarudi nyumbani nikawaandikia kastama kea. Wakajibu, eti "huenda mzigo ulizidi", eti "huenda mtumiaji hakufunga kwa usahihi", na wakaniwekea video ya mwanadada anafundisha kufunga klipu. Mimi! Mjomba wangu kabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka na miaka, kule mzigo wa mpagazi unapimwa getini, mwisho kilo 20, mimi na kilo zangu 14 ndo nimezidisha? Na kufunga, kwani ile ina kanuni gani zaidi ya kuchomeka mpaka ilie? Nikashusha nyota mpaka moja, sifuri hawana.

Sasa mtaniuliza kama nimelirudisha. Sijalirudisha. Siku mbili zilizobaki mpaka Unicoi Gap lilinibeba vizuri, mgongo haukuloa, mabega hayakuuma, na Jumamosi moja hivi nataka kutoka nalo tena. Kwa hiyo sijui niwaambie mnunue au msinunue. Nunueni, ila klipu mnunue pembeni. Au acheni tu. Nyota mbili. Na zote mbili ni za mgongo.

Kwenye ile barua yao waliniwekea na kuponi ya punguzo, ninunue begi lingine la hukohuko. Inaisha mwisho wa mwezi, anayeitaka aniambie.