RAM au SSD: Kipi Kitangulie kwa Mhariri wa Picha?

Anayehariri picha katika Photoshop kwa kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea) ya GB 8 na diski ya HDD (yenye sahani zinazozunguka) ana njia mbili za kuiharakisha: kuongeza RAM, au kuweka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka. SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) husoma takriban MB 550 kwa sekunde, ilhali HDD nyingi hazifiki 300, hivyo programu na folda hufunguka upesi. Hata hivyo, picha ya megapikseli 24 katika biti 16 kwa kila rangi hula takriban MB 144 kwa kila tabaka (layer) lililojaa, na RAM ikiisha, Photoshop huhamishia kazi kwenye diski, ndipo brashi inapoanza kujikokota nyuma ya kipanya. Kwa anayerundika matabaka, ningetanguliza RAM ya GB 16. Anayechambua mamia ya picha za harusi aanze na SSD, ambayo hupunguza makali hata RAM inapojaa.