Kompyuta ya stoo sasa ndiyo seva ya ofisi: uzoefu wangu na Samba na CUPS

Ofisini tuko watu sita, kazi yetu ni hesabu za wateja, na printa ni moja. Kwa miaka mitatu ilichomekwa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi. Ukitaka kuprinti, unaweka faili kwenye flashi, unamfuata, unamsubiri amalize na mteja. Ikifika tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, kila mtu anataka nakala ya kuweka kwenye jalada, na virusi vinahama na flashi kutoka mashine moja hadi nyingine. Siku folda nzima ya mteja ilipogeuka shotikati tupu, nikasema basi.

Nilitoa stoo kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4, nikaigeuza seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine zote kwenye mtandao wa ofisi: nikaweka Debian, aina mojawapo ya mfumo endeshi wa Linux, kisha programu mbili: Samba ya kushirikisha mafaili na CUPS ya kushirikisha printa. Zote ni za bure. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo inayoiwezesha Linux kuelewana na Windows.

Mafaili yalinichukua mchana mmoja tu. Nilichopotezea muda ni nywila: nilimfungulia kila mtu akaunti ndani ya Linux, lakini Windows ikaendelea kuwakataa. Kumbe Samba ina daftari lake la nywila, na kila jina lazima uliandikishe tena kwa amri ya smbpasswd -a. Baada ya hapo ni mistari michache kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, unaikagua kwa amri ya testparm, unawasha upya huduma.

Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Mwanzo niliipitisha kwenye Samba, lakini tangu masasisho ya Agosti 2021 Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuweka draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia printa) kutoka seva, inadai msimamizi. Nikaachana na njia hiyo. Nikaweka draiva mwenyewe kwenye kila mashine, mara moja tu, na kuielekeza moja kwa moja CUPS kupitia poti 631, mlango wa mtandao ambao CUPS inautumia. Ukiniuliza leo, nitakuambia anza hapo hapo: Samba ibaki na mafaili.

Wiki ya pili umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikaipa seva IP (anwani ya kwenye mtandao) nyingine, na mashine zote tano zikapoteza printa. Seva itengee IP yake kwenye ruta siku ya kwanza, na uinunulie UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

Kisha karatasi ikakwama. Tukaichomoa, taa ya kijani ikawaka, lakini hakuna kilichotoka. Kwenye ukurasa wa CUPS printa ilionekana imesimamishwa, kwa sababu ilipangwa stop-printer: ikipata hitilafu inasimama hadi mtu aiamshe. Nikaiamsha, nikabadilisha mpangilio kuwa retry-job. Kurasa tisa zilizokuwa zinasubiri zikatoka mfululizo, dada wa mapokezi akapiga makofi.

Kuskani bado tunafanyia kwenye printa yenyewe, hilo sijalitatua. Na kwa kuwa mafaili yote sasa yako kwenye diski moja, kila Ijumaa jioni nayakopi kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini kabla sijatoka.