Nimeitazama Within Our Gates ya Oscar Micheaux: vumilieni nusu saa ya kwanza

Kwa anayejiuliza kama filamu bubu ya mwaka 1920 bado inatazamika, hii inatazamika, na zaidi ya hapo. Mwanzo tu ndio mzito. Wahusika wanamiminika, mchumba, binamu, mcheza kamari, ikabidi niwe narudisha nyuma kujua nani ni nani. Kipande kimoja cha katikati hakipo kabisa, yamewekwa maelezo mafupi ya kilichotokea. Tuishukuru hata hii iliyobaki: filamu nzima ilipotea kwa miongo mingi, hadi ikapatikana nakala moja Hispania, ikiitwa La Negra, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993. Ndiyo filamu ndefu kongwe zaidi iliyosalia ya mwongozaji Mmarekani mweusi.

Sylvia, mwalimu kutoka Kusini, anakwenda Boston kutafuta dola 5,000 ili shule ya watoto weusi isifungwe. Anayemwigiza ni Evelyn Preer, na huyo mama alijua kazi yake; anatazama tu, nawe unaelewa.

Lakini utamu, kama ni halali kuuita utamu, uko kwenye maisha ya nyuma ya Sylvia. Baba yake mlezi, Landry, analima shamba la tajiri mzungu kwa kugawana mavuno. Sylvia amesoma, kwa hiyo safari hii hesabu anazipiga yeye, na Landry anazipeleka kwa tajiri. Wanazozana. Mzungu maskini aliyedhulumiwa na tajiri huyohuyo anafyatua risasi kupitia dirishani, tajiri anaanguka. Efrem, mtumishi mweusi aliyekuwa akichungulia, anakimbia kutangaza kwamba Landry ameua.

Huyu Efrem hajanitoka hadi leo. Ni kibaraka hasa, anayejigamba kwamba wazungu ni rafiki zake. Landry haonekani, kundi la wazungu wenye hasira linachoka kumsaka, macho yanamgeukia yeye. Kabla hajaguswa, Micheaux anatuonyesha anachokiona Efrem akilini: yeye mwenyewe kitanzini. Nilisimamisha filamu nikavuta pumzi.

Kisha Landry na mkewe wanakamatwa na kunyongwa, na wakati huohuo Sylvia anavamiwa ndani ya nyumba na ndugu wa yule tajiri. Kamera inaruka huku na huku, huwezi kukwepa. Mwaka 1915 mwongozaji mzungu D. W. Griffith alitumia mbinu hiyohiyo katika The Birth of a Nation kumfanya mtu mweusi kuwa tishio kwa mwanamke mzungu. Micheaux anaonyesha nani hasa alikuwa akimvamia nani. Kinachomzuia yule mvamizi sikisemi, mtakiona wenyewe.

Wakaguzi wa filamu wa Chicago waliikataa kwanza, wakihofia fujo. Miezi michache nyuma, Julai 1919, ghasia kati ya wazungu na weusi mjini humo zilianza na kuua watu 38.

Mwisho sikuupenda. Baada ya yote hayo, daktari anayempenda Sylvia anamhutubia aionee fahari nchi yake, akitaja weusi waliopigana vitani huko Cuba na Ufaransa. Nilikasirika.

Hakimiliki imekwisha, inapatikana bure mtandaoni. Tafuta nakala iliyokarabatiwa. Ni kama saa moja na dakika ishirini. Muziki uliowekwa baadaye niliuzima kwenye tukio la kunyongwa, na nashauri nanyi mfanye hivyo. Watoto wasiwepo.