Kiolezo kipi cha tovuti ununue kwa kampuni ya utalii Arusha na Moshi

Nilikaa na mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, pale Moshi. Alikuwa ameshalipia kiolezo, yaani tovuti iliyopangwa tayari unayojazia maelezo yako, kinapendeza kweli, ila kitufe cha "Weka Nafasi" kilikuwa kimevimba kikalingana kimo na picha ya mlima iliyo pembeni yake. Alitaka kitufe hicho tu kikae katikati. Kazi ikala siku mbili. Tangu hapo kila kiolezo nakipima hivi: je, naweza kusogeza kitu kimoja kwenye mstari bila kugusa vingine?

Kitufe huvimba kwa sababu fleksiboksi (flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye mstari), usipoiagiza vingine, huvuta kila kilichomo kijaze kimo cha mstari. Dawa yake ni agizo la CSS liitwalo align-self, linalogusa hicho kimoja peke yake.

Nafasi ya kwanza naipa kiolezo cha Bootstrap 5, mkusanyiko wa mitindo ya CSS iliyoandikwa tayari. Unaongeza klasi moja (jina la mtindo unaloandika kwenye HTML) kwenye kitufe, align-self-center, kinarudi kimo chake na kutulia katikati. Picha na maelezo ya njia ya Machame havitikisiki. Ukitaka iwe hivyo kwenye skrini pana tu, andika align-self-md-center, ianze kwenye pikseli 768. Faili la kawaida la Bootstrap lina klasi hizi zote, hata ambazo muuzaji hakuzitumia. Tena mafundi wengi ninaokutana nao Arusha wanaijua, kwa hiyo mkishindwana na wa kwanza, wa pili ataipokea kazi.

Tailwind, mkusanyiko mwingine wa mitindo ya namna hiyo, naiweka ya pili, japo majina yake ni mafupi: self-center, md:self-center. Tatizo ni kwamba faili lake la mwisho hubeba klasi zilizotumika tu. Muuzaji akikupa hilo faili pekee, utaandika self-end na hakuna kitakachosogea, utadhani umekosea. Kabla hujalipa, dai mafaili ya chanzo, na uwe na fundi wa kuyajenga upya.

Ya tatu ni huduma za kuburuta vitu kwa kipanya. Kusogeza ni rahisi, lakini unalipia kila mwezi au mwaka, na kuhama nayo ni shida.

Za mwisho ni Bootstrap 3, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Fleksiboksi iliingia rasmi kwenye toleo la 4, Januari 2018. La 3 hupanga kwa float, mbinu ya zamani ya CSS ya kusukuma vitu kushoto au kulia, na align-self-center haimo. Usinunue hata ukipunguziwa.

Wauzaji wengi huweka mfano wa kutazama. Ufungue kwenye laptopu, bonyeza F12 ili uone msimbo wa ukurasa, kiongezee kitufe klasi ya kukiweka katikati palepale uone. Kumbuka tu kwamba kwenye mstari wa kulala align-self hupandisha na kushusha. Kusukuma kitu kulia ni kazi ya ms-auto, au ml-auto kwa Tailwind. Usije ukakikataa kiolezo kizima kwa kosa lisilo lake.