MSP430FR5969 kwa satelaiti ndogo: kumbukumbu safi, ila haijui kufa

Kwa satelaiti ya 1U, ile ya mchemraba wa sentimita 10, tunaipendekeza chipu hii ya Texas Instruments, ambayo ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, kwa masharti. Ina FRAM (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) kilobaiti 64, RAM kilobaiti 2, kasi ya hadi megahezi 16, na haili umeme mwingi.

Sifa yake kuu ni FRAM, ambayo haihifadhi data kwa chaji, kwa hiyo chembe ya mionzi ikipita haigeuzi biti kirahisi. RAM na rejista (hifadhi ndogo za ndani ya kichakataji) hazina bahati hiyo. Hapo igeni seli: uzi mmoja wa DNA ukiharibika, hurekebishwa kwa kusoma wa pili. Lakini uharibifu wa DNA mara nyingi huonekana; biti iliyogeuka haina alama, ndiyo maana nakala ziwe tatu na zipigiwe kura: (a&b)|(b&c)|(a&c). Jibu liandikwe tena kwenye zote tatu, la sivyo makosa yatalundikana mpaka mbili zishinde kwa uongo. Kwenye msimbo zitangazwe `volatile` (neno linalolazimisha kila nakala isomwe kweli), maana kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, ikiona thamani ni ileile inaweza kusoma moja tu.

FRAM huandikika kirahisi kama RAM, hivyo programu iliyopotea njia inaweza kujifuta yenyewe. Fungeni eneo la programu kwa MPU (kilinzi cha kumbukumbu kilichomo kwenye chipu) tangu mwanzo.

Kasoro kubwa ni kufa. Seli mbovu mara nyingi hujiua kabla ya kudhuru jirani. Chipu hii haiwezi. Kipima muda chake cha ulinzi huwasha programu upya, ila mionzi ikisababisha shoti ndani ya chipu, dawa ni kukata umeme kabisa. Wekeni swichi ya nje inayokata mkondo ukizidi kiwango cha kawaida. Kisha pimeni kwa mita: voltiji ya chipu ishuke karibu na sifuri. Mara nyingi haishuki! Umeme huvuja kupitia nyaya za data na rezista za I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu) kutoka kwenye redio ambayo bado inawaka. Bodi ya majaribio ya LaunchPad ina pia kapasita ya faradi 0.1; ikiwa imeunganishwa, itaendelea kuilisha hiyo shoti. Itoeni kwenye mzunguko, au tumieni bodi hiyo mezani tu.

Programu iingizwe baada ya kulehemu, kwa sababu joto la tanuri linaweza kufuta FRAM.