Mkahawa wa Shangani uliomuinua mama yangu kitini

Nyota moja, na hiyo ni ya nyumba, si ya waliomo. Jina lao silitaji. Ni mkahawa wa ghorofani pale Shangani, Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba ya zamani iliyokarabatiwa kwa mkono mzuri, yenye roshani ya mbao inayotazama bahari.

Nilikwenda na mama, tumetoka Tanga, siku za karibu na sikukuu. Mama ana umri wake na magoti yanamsumbua, lakini Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu, ndiyo maana nilimpeleka. Tulianzia soko la Darajani, tukapita Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa 1873, kisha tukakata vichochoro vya Hurumzi kuelekea Forodhani. Kila akichoka anakaa barazani. Hapo ndipo mji huu unaponipendeza: baraza za mawe zimejengwa pamoja na nyumba, ziko nje ya mlango, na mpita njia anakaa bila kumuomba mtu ruhusa. Mvua kubwa ikijaza maji kichochoroni, watu wanapita juu ya baraza hizo. Bibi mmoja wa Hurumzi alitukuta tumejibwaga mlangoni kwake, badala ya kutuuliza tunataka nini akatuletea maji.

Mama alitaka sana kuiona Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, maana amelisikia tangu utoto. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo tuliishia kuitazama kwa nje. Alisikitika. Akasema basi tutafute pahali tukae, tunywe kahawa, tuone bahari.

Ngazi za ule mkahawa ni za kusimama wima. Alizipanda moja moja, mkono ukutani. Juu kulikuwa karibu kutupu. Akachagua meza ya roshani, akavua viatu chini ya meza, akashusha pumzi. Kijana wa kuhudumia akaja. Hakusema shikamoo. Hakusema hata karibu. Alisema: "Hizi meza za wageni. Nyinyi kaeni kule ndani."

Nikamuuliza, kwani sisi ni nani? Akasema zimeshabukiwa. Mimi nilikuwa nataka kusimama naye, lakini mama akawa ameshaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Twende mwanangu, usigombane na watu." Tukahamishiwa karibu na mlango wa jikoni, tunatazama ukuta.

Haukupita muda wakaingia watalii wawili na mabegi yao mgongoni. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwauliza kama wamebuki. Hawakubuki. Akawapeleka meza ile ile, akawavutia na viti.

Nilimwita meneja. Akasikiliza huku anatazama simu, akasema, "Ni utaratibu wetu, kaka." Utaratibu! Menyu yao haina neno hata moja la Kiswahili na bei zote ni za dola. Nikilipa kwa shilingi wanakokotoa kwa kiwango chao wenyewe.

Niseme haki: kahawa ilikuwa nzuri. Iliki imekolea, imekuja ya moto, visheti vimekaangwa siku ile ile. Huenda yule kijana naye anatumwa tu, mwenye mali ndiye anayetaka roshani ionekane hivyo kwenye picha. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu na kumsamehe kijana. Lakini hapana. Shikamoo mtu hafundishwi na bosi wake, na hakuna bosi anayeweza kumkataza. Mwanamke wa umri wa bibi yake amepanda ngazi zile, naye anamwondoa kama anapangusa meza! Hizo tatu nazifuta.

Jioni tulikwenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa pale Sokomuhogo. Wanaume wamejaa, dhumna zinagongwa, siasa juu. Mama hakutaka kukaa katikati yao, na sitadanganya kwamba pale mwanamke mgeni anajikalia tu. Lakini muuza kahawa alimuona amesimama pembeni. "Shikamoo mama." Akaja na dele lake na vikombe, akammiminia kwenye baraza ya upande wa pili, akampa na kashata ya karanga, akamuuliza Tanga mvua zimenyesha? Kahawa ile ni chungu, haina manukato ya iliki, na kwa ulimi tu ya Shangani inaishinda. Mama alirudia kikombe. Pesa niliyotoa ilikuwa ndogo, na chenji ikarudi.

Kwa hiyo mpelekeni mzazi Mji Mkongwe? Mpelekeni. Nikiwa na hasira siku ile nilisema sirudi Unguja, na bado kuna mitaa ya Shangani ambayo nikiipita damu inachemka, maana mikahawa ya namna hii inaongezeka kwenye nyumba nzuri kuliko zote. Lakini bibi wa Hurumzi hajanikosea kitu, wala muuza kahawa.

Mwenye mkahawa ukisoma hapa: meza ikiwa kweli imebukiwa, weka kibao chenye jina la aliyeibuki. Menyu iandike na Kiswahili. Na yule kijana mrudishe kwa mama yangu kwa simu, amuombe radhi. Namba yetu meneja wako anayo, nilimwachia.